GOTI MIEZI TISA, SHERIA SIKU 14



Mwezi uliopita karatasi ya mchango ilizunguka kutoka karakana mpaka stesheni. Kila mtu aliandika jina lake na shilingi zake, mia, mia mbili, na asiyekuwa nacho akaandika "baadaye". Mchango ulikuwa wa mwenzetu mmoja, mtu wa kisiwa cha Pate, ambaye hufanya kazi katika genge la njia chini ya kontrakta. Wengi wenu mnamjua kwa sauti yake kuliko kwa jina lake, na jina hatutaliandika. Goti lake limeharibika. Twataka kusema juu ya goti hilo, kwa sababu tumeuliza huku na huku, na tumeona kwamba si la mtu mmoja.

Habari yenyewe ni hii. Alikwenda kwao likizo wakati wa Maulidi. Jioni maji yalipotoka vijana wakapanga mpira ufuoni, mtaa na mtaa, kama ilivyo desturi ya visiwa vyote vile. Mwenzetu akageuka kumkwepa mtu. Mguu ukabaki mchangani, mwili ukaenda. Asema alisikia kitu kikikatika ndani, kama kamba ya tanga. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama dafu. Akaletewa mzee wa kukanda, akakandwa kwa mafuta ya moto siku tatu. Siku ya nne akangoja maji yajae, maana mlango wa Mkanda haupitiki vema maji yakiwa makavu, akavuka mpaka Amu. Mahali pamoja akapigwa eksirei, akaambiwa, "Mfupa mzima." Akapewa vidonge.

Akarudi kazini akiwa na cheti. Siku zake za ugonjwa zilipokwisha, nyapara akamwambia ama ashike taruma ama aondoke. Akashika. Mwezi wa tano goti likamlegea akiwa amebeba, akaanguka juu ya kokoto. Tangu siku hiyo goti hujifunga, halikunjuki mpaka alitikise kwa mkono. Tabibu wa mifupa wa Mombasa alipolishika alisema kwamba ukano wa ndani ulikatika siku ile ile ya ufuoni, na sasa na gegedu limepasuka juu yake. Lazima apasuliwe. Bei aliyotajiwa ndiyo iliyoleta ile karatasi ya mchango. Na mwajiri asema hivi: "Uliumia mchezoni, si kazini."

Barazani tumesikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema mpira ni mchezo, anayetaka kucheza na alipe mwenyewe, chama si klabu. Wengine wanasema apelekwe India upesi akatwe, na mambo yakwishe. Hatukubaliani na hao wala hawa, na twaomba mtusikilize, hata ikiwa sisi tunaoandika tumesoma shule ya msingi ya misheni tu na si matabibu. Kuhesabu mia twajua, na mambo haya yamekwisha hesabiwa na watu wenye elimu.

Kwanza yafaa tujue goti ni nini. Ndani ya goti mna kano mbili zilizopandana kama msalaba. Ule wa mbele ndio unaozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele ya paja. Hukatika mara nyingi bila ya kuguswa na mtu, mchezaji anapogeuka ghafula au anapotua vibaya baada ya kuruka. Wasichana wanaocheza michezo hiyo hiyo hukatika zaidi kuliko wavulana, na siku hizi wasichana wa visiwani nao wanacheza. Dalili zake ni mlio, kuvimba kwa saa chache kwa sababu ya damu, kisha baadaye mtu hutembea vizuri njia iliyonyoka lakini akigeuka goti lamwangusha. Eksirei haionyeshi ukano. Mtu aliyeambiwa "mfupa mzima" ameambiwa kweli, lakini ameambiwa nusu.

Na hapa pana jambo ambalo limetukasirisha tulipolijua. Kuutambua ukano huu hakuhitaji mashine kubwa kwanza. Mgonjwa hulala chali, goti hukunjwa kidogo, tabibu hushika paja kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili huvuta muundi kuja mbele. Ukano mzima huzuia ghafula, kama kamba iliyofika mwisho. Uliokatika hauzuii, mfupa huteleza. Njia hii ilielezwa katika maandishi mwaka 1976 na Joseph Torg wa Philadelphia, Marekani, naye akaipa jina la mwalimu wake, John Lachman. Yataka mikono miwili iliyofundishwa, basi. Yaweza kufanywa Faza, Kizingitini, Kiunga, hata juu ya mkeka chini ya mkungu. Lakini mwenzetu alishikwa goti namna hiyo kwa mara ya kwanza miezi zaidi ya mitano baada ya kuumia, na aliyelishika alikuwa Mombasa.

Mzee wa kukanda hatumlaumu. Yeye alikuwapo, tabibu hakuwapo. Watu wa visiwani wameganga mifupa kwa magango na vitambaa tangu kale, na wengi wamepona. Ila goti lililojaa damu lisipindwe wala lisikandwe kwa nguvu, na wazee wenyewe wakielezwa husikia.

Sasa tuje kwa kisu. Nchini Sweden walichukua watu vijana 121, wapenda michezo, waliokatika ukano huu karibuni, wakawagawa kwa kura. Watu 62 walipasuliwa mapema kisha wakafundishwa mazoezi. Watu 59 walianza na mazoezi, kisu kikawekwa akiba kwa atakayekihitaji. Matokeo yalitangazwa 2010. Baada ya miaka miwili hali za makundi mawili zilikuwa sawa, na katika wale 59 waliokwisha pasuliwa walikuwa 23 tu. Walipoangaliwa tena baada ya miaka mitano wamefika 30. Maana yake, karibu nusu hawakukatwa kabisa, na hawakuwa wabaya kuliko wenzao.

Asije mwajiri akaushika ukurasa huu na kusema, "Mmeona? Mazoezi yatosha." Mwaka 2022 Uingereza walitangaza matokeo ya watu 316, lakini hawa walikuwa na magoti ya zamani, yaliyokwisha kaa na ukano uliokatika na bado yanawaangusha. Kwao hao, kisu kiliwafaa zaidi ya mazoezi. Na Norway, ambako tangu 2004 huandikwa katika daftari moja la nchi nzima habari za magoti yanayopasuliwa kwa ajili ya ukano huu, walitazama magoti 3,475 na mwaka 2009 wakasema kwamba kwa watu wazima kila mwezi unaopita baina ya kuumia na kupasuliwa huzidisha kwa karibu 1 katika 100 uwezekano wa kukuta gegedu la goti limekwisha haribika. Mwezi mmoja si kitu. Miaka mitatu ya kuzungusha karatasi ya mchango ni kitu.

Basi ukiyaweka pamoja maneno haya yote hayapingani. Goti jipya lataka kutambuliwa mapema na kufundishwa vema. Likiendelea kumwangusha mtu, lataka kisu bila ya kungoja miaka. Mwenzetu hakupata la kwanza wala la pili. Alipata vidonge na taruma.

Kuna jambo la tatu, na ndilo zito kwetu sisi wafanya kazi. Nalo ni wakati.

Wengi wenu mlitazama, Langoni pale na Mombasa pia, siku Virgil van Dijk wa Liverpool alipoumia goti tarehe 17 Oktoba 2020 wakicheza na Everton. Alikatika ukano. Tarehe 30 Oktoba alikuwa amekwisha pasuliwa. Siku 13! Huyo alikuwa na matabibu wa kumwangalia asubuhi na jioni, na kitanda, na chakula, na mshahara ambao hatutautaja msije mkaacha kazi. Hata hivyo hakurudi kucheza mpaka mwisho wa Julai 2021, na ilikuwa mechi ya kujaribu tu. Miezi tisa. Wako waliosema barazani kwamba tajiri anabembelezwa. Hakubembelezwa. Norway walifuata watu waliotengenezwa ukano huu, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba kila mwezi mtu anaongoja kabla ya kurudi mchezoni, mpaka kufika mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa kadiri ya nusu. Pia walipima nguvu za paja na namna ya kuruka kabla ya kumruhusu mtu. Waliorudi bila ya kushinda vipimo hivyo, 38 katika 100 waliumia tena. Walioshinda, hawakufika 6.

Na baada ya yote hayo si kila mtu hurudi kama alivyokuwa. Hesabu ya mwaka 2014, iliyokusanya habari za watu zaidi ya 7,500 kutoka nchi nyingi, yasema waliorudi katika mchezo wa namna yo yote ni 81 katika 100, waliofikia hali yao ya zamani ni 65, na waliorudi katika mashindano ni 55. Twayasema haya ili mtu asidhani kisu ni uchawi. Na wale wenzetu wenye umri mkubwa ambao goti huwauma kwa uchakavu tu, wasikimbilie kuuza shamba wapasuliwe gegedu. Finland walijaribu jambo hilo kwa watu 146 wa miaka 35 mpaka 65, nusu wakapasuliwa kweli na nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu bila ya wao kujua, na baada ya mwaka mmoja, 2013 walipotangaza, hapakuwa na tofauti. Hilo ni jambo la kando, lakini tumeombwa tuliseme.

Sasa chukueni ile miezi tisa mkaiweke kando ya sheria yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini hupata ugonjwa wa siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Jumla siku 14. Goti lataka miezi tisa, sheria yatoa siku 14. Baina ya hizo mbili ndipo alipoangukia mwenzetu, juu ya kokoto.

Lakini someni vizuri. Sheria imesema "si chini ya" siku hizo. Haikumkataza mwajiri kuzidisha, wala haikukizuia chama kudai zaidi mezani. Viongozi wetu, nasi tumo, wamekwenda mezani miaka mingi na madai ya mshahara, nyumba na nauli, na ukurasa wa ugonjwa wakaupita mbio kwa sababu umekwisha andikwa na Serikali. Kosa hilo ni letu, hatumwekei mtu mwingine.

Kuna neno la fedha. Tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu anakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya SHA. Hatusemi ni vibaya. Bima ni mchango, na sisi watu wa chama twajua mchango. Twasema tu kwamba kadi ya bima haina makasia. Mtu wa Kizingitini mwenye kadi mfukoni bado anangoja maji, bado analipa mashua, bado anavuka kutoka Amu mpaka Mokowe, bado anapanda basi zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa na goti lililofungwa, pamoja na ndugu wa kumshika mkono, na wote wawili watakula na kulala. Akifika aambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kwa fiziotherapia, yaani mafunzo ya kulirudishia goti nguvu, yampasa aende mara nyingi kwa miezi mingi. Ni nani wa Pate atakayeweza?

Wala msidhani kadi peke yake huponya hata kwa matajiri. Mwaka 2012 yalitangazwa majaribio ya mji wa Cincinnati, Marekani. Mtu alipiga simu kwa ofisi 42 za matabibu wa mifupa akisema ana mtoto aliyekatika ukano wa goti. Aliposema ana bima ya kulipia mwenyewe, ofisi 38 zilimpa nafasi ndani ya wiki mbili. Aliposema ana bima ya Serikali ya watu wenye kipato kidogo, zilizompa nafasi zilikuwa 6. Goti lile lile, mji ule ule. Mwaka 2015 tume ya gazeti la matabibu la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawawezi kufikia upasuaji ulio salama kwa bei wanayoiweza, tena ikaweka kipimo: mtu awe ndani ya saa mbili za hospitali iwezayo kumpasua mzazi, kupasua tumbo, na kutengeneza mfupa uliovunjika ukatoka nje. Saa mbili. Katika kusi, kuna siku mashua ya Kiwayuu haijakwisha kutoka kwa saa mbili. Goti lililokatika ukano haliui mtu, twakubali, wala halitangulii mama mwenye uchungu. Lakini njia ni ile ile, na ikijengwa kwa mmoja imejengwa kwa wote.

Turudi kwa wale wasemao mpira ni mchezo. Siku ya Wafanya Kazi ni nani hutoa jezi? Ni mwajiri. Jina lake limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa, na picha hupigwa. Siku hiyo mpira ni heshima ya kampuni. Mtu akianguka, mpira wageuka kuwa upuuzi wake mwenyewe. Jezi ina jina la mwajiri, goti halina. Ni kweli mwenzetu aliumia likizoni, si katika jezi hiyo, na Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 ni ya aliyeumia kwa kazi na kazini. Lakini kuanguka kwake mwezi wa tano kulikuwa wapi? Mikononi alikuwa na nini? Jambo hilo tumeliandikia barua, na jibu likija tutalichapa hapa, liwe zuri au baya.

Twapendekeza haya yapelekwe katika mkutano wa matawi kabla ya mapatano mapya kuandikwa. Mfanya kazi aliyeumia kiungo, po pote alipoumia, aangaliwe kwa mikono na mtu aliyefundishwa ndani ya siku saba, asipewe vidonge tu. Akionekana amekatika ukano apewe kazi nyepesi kwa mshahara wake, katika ghala, katika geti, katika karatasi, mpaka tabibu wa fiziotherapia aseme yuko tayari, si mpaka nyapara aseme. Kubeba taruma kwa mwendo wa kugeuka-geuka si kazi nyepesi kuliko kucheza mpira. Nauli ya mashua na basi, ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, iwe katika mapatano kwa wanachama wa visiwani. Na mtu akiumia katika timu ya mwajiri ahesabiwe ameumia kazini, iandikwe wazi, tusigombane mahakamani.

Kwa Serikali ya Kaunti, ambayo ndiyo yenye hospitali tangu 2013, tunaomba fiziotherapia ivuke maji. Si lazima jengo. Kikundi cha Safari Doctors, kilichoanza 2015, hufikia vijiji vya mbali vya Lamu kwa mashua, basi haiwezi kusemwa kwamba bahari imekataa. Mazoezi ya goti hayataki vyombo vingi: ngazi, mchanga, maji ya bahari mpaka kifuani, mpira wa baiskeli uliokatwa kwa kuvutia mguu, na mtu wa kuja kila mwezi kutazama kama yanafanywa sawasawa. Ngazi, mchanga na bahari Mungu ametupa tayari. Mtu wa kuja kutazama ndiye twamdai.

Watu wengine wameuliza, kama Norway wana daftari, kwa nini sisi tusiwe nalo? Twaona ni swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa. Karani wa tawi amefungua kitabu cha kurasa 96. Ataandika siku ya kuumia, mahali, nani aliangalia na baada ya siku ngapi, siku za kazi zilizopotea, fedha zilizotoka, na hali ya mtu baada ya mwaka. Majina yatakaa kwake tu. Mezani tutapeleka hesabu.

Mchango wa mwenzetu umefika theluthi moja ya bei. Karatasi iko kwa karani, na wale walioandika "baadaye" wanakumbushwa kwa upole. Wanachama wa Amu, Faza, Siyu, Kizingitini na Mpeketoni wenye magoti, mabega au vifundo vya miguu vilivyoumia, mchezoni au kazini, na walete vyeti vyao vya tabibu, hata vilivyochakaa, hata vile vya "mfupa mzima". Asiyeweza kuja na ampe mtu wa mashua. Kitabu kitakuwa wazi kila Jumamosi baada ya saa nane mchana.